Ukurasa wa Nne: Maelezo ya Ziada

Mmeuliza fedha zenu zilikwenda wapi.
Nimejaza jedwali: washiriki ishirini na sita,
siku tatu, ukumbi wa parokia, Makambako,
chai na maandazi, nauli, stakabadhi zimebanwa nyuma.
Mwishoni mmeandika *maelezo ya ziada*
mkaacha mistari mitano.
Niwieni radhi. Haitanitosha.

Zamani tulijua jambo moja:
moto ni maji, na gari likiwa bovu, ni ndoo.
Treni tuliijua kwa mngurumo wake
ikikokota mapipa marefu kuelekea Tunduma,
ubavuni yana alama
ambazo kwetu zilikuwa mwandiko wa daktari.

Mwaka ule behewa lilipolala ubavu
nyuma ya mashine ya kukoboa,
nilifika na gambuti na koti la mvua.
Watu walishatangulia. Na madumu.
Kitu kizito, kinateleza kama mafuta,
na nani ayapite mafuta yanayomwagika bure?
Onesmo Mwalongo, fundi baiskeli,
alikinga kwanza kwa viganja, anuse.

Nikafungua mpira wa maji.
Mimi. Msitafute mwingine.
Pakachemka, pakatema,
wingu likainuka, na upepo wetu huu
usiobisha hodi, unaong'oa bati na misumari yake,
ukalibeba moja kwa moja bondeni, shuleni.
Ilikuwa Jumamosi.
Mungu alitupa Jumamosi.

Basi mwalimu mliyemlipa, Bi Rukia wa Tanga,
aliyeshinda siku tatu na blanketi begani,
hakuanza na mitungi ya hewa.
Alitutoa nje, akararua kitambaa chekundu,
akakifunga kwenye fimbo, akasema: someni.
Tukacheka. Mbena afundishwe upepo?
Umekausha nguo zetu za ubatizo,
umetupasua midomo kila Juni.
Vizuri, akasema. Siku pipa likitoboka,
mtasimama upande gani?
Kicheko kikakatika.
Watu ishirini na sita
tulinyoosha vidole pande tatu.

Tukajifunza kusoma kibao kilichosimamia ncha:
mkono unaoliwa, chini yake nane.
Tukajifunza kutokimbilia,
na hilo ndilo lililotushinda kwa siku mbili nzima,
mtu wa zimamoto kusimama mbali na darubini
huku mwenzako analiita jina lako.
Fidelista Ngole wa zahanati akauliza:
tusimame mpaka lini?
Bi Rukia alinyamaza, akavuta blanketi.
Mpaka ujue unachokikaribia, akasema.
Halafu, kwa sauti ya chini: na mavazi yawepo.

Mavazi yapo mawili.
Moja la Sajini Kaduma, moja langu,
nalo limenibana mabegani.
Tumeyatundika ofisini kando ya kalenda.
Watoto wakichungulia dirishani
huyaamkia shikamooni.

Mmeuliza pia idadi ya walionufaika.
Nimeandika 26, kwa kuwa ndio walioweka sahihi.
Lakini juzi treni ya jioni ilipopunguza mwendo
nilimwona Onesmo kibandani kwake,
anakaza spoku kwa mikono ile
yenye ngozi ya karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa.
Hakuwahi kuja ukumbini. Sikuwahi kumwalika;
sikujua ningemwambia nini mlangoni.
Aliinua macho, akayahesabu mapipa,
kisha akatazama moshi wa mama muuza chapati
unalala upande gani.
Akachukua kigoda chake,
akahamia ng'ambo ya barabara,
akaendelea na gurudumu.

Nani alimfundisha, sijui.
Kwenye jedwali lenu sijui nimwandike wapi.
Na mistari mitano
imekwisha zamani.